Kofia Yangu Juu ya Mawe ya Ziwani

Joubert Park,
Johannesburg.
Oktoba 2018

Mama yangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Siku nyingine ningeanza kwa kukuuliza goti linaendeleaje, mvua imeshika au bado, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Hayo yote nataka kuyajua. Lakini leo naanza na hilo moja: mimi ni mzima, napumua, asubuhi nimekunywa chai ya moto nikaungua ulimi. Ukimaliza kusoma mstari huu, usome tena.

Haya, goti je? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufaa, au imekaa kabatini ikingoja wageni? Najua tabia yako. Barua hii nimempa mkononi Mama Wanja, yule ninayesali naye hapa, ambaye anakuja kwao Chuka kumwona mjukuu. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, asimpe Murithi wala mke wa Murithi. Siku hizi nikikupigia, mdogo wangu ndiye anayepokea, na nikikuandikia ujumbe, yeye ndiye anayeusoma kwanza halafu anakusimulia anachotaka. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Na nimeandika kwa Kiswahili, hiki ulichonifundisha darasani mchana kabla ya kuwa mama yangu tena jioni, kwa sababu nikianza kwa lugha yetu nitalainika kabla ya kufika katikati, najijua. Sitaki kulainika, Mama. Nimekasirika.

Maisha ya hapa yanaendelea. Bado nakaa chumba kimoja na Furaha, msusi wa kutoka Bukavu niliyekwambia habari zake, yule anayeimba akiosha vyombo. Lifti ya jengo ilikufa zamani na hakuna anayeiulizia, tunapanda ngazi na ndoo zetu. Jioni tukisikia vurugu mtaani tunafunga mlango tunakula. Kazi ni ile ile. Asubuhi nachukua teksi, nashuka kwenye robot ya pili, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, natembea mpaka kwa Bibi Doreen, yule mama mzee ninayemtunza. Namwogesha, namvisha, nampikia uji, na jua likipata nguvu namtoa nje kunyoosha miguu.

Karibu na kwake kuna ziwa, Zoo Lake wanaliita. Ni la kuchimbwa na watu, limejaa bata, na ukilizunguka unarudi ulikoanzia kabla chai ya flaski haijapoa. Si kama letu. Letu liko juu huko mlimani, ambako nyasi zinaamka na sakitu, umande ulioganda, maji yamelala ndani ya bakuli lililochongwa na barafu ya zamani, ukiyagusa vidole vinakufa ganzi. Lakini kutembea ni kutembea. Namtembeza Bibi Doreen kama nilivyowatembeza wageni wetu: yeye mbele, mimi nyuma. Mara ya kwanza alishangaa, akataka nimshike mkono nimvute. Nikamweleza sheria ya Baba. Anayetembea polepole ndiye anayetangulia, wengine wote wanafuata mwendo wake, na hakuna anayemwambia afanye haraka. Nikamwambia Baba alibeba mizigo ya wapanda mlima maisha yake yote na aliona watu wengi wakilia peke yao nyuma ya msafara. Bibi Doreen aliipenda sana sheria hiyo. Siku hizi akitangulia anaringa, na vijana wanaokimbia mazoezi anawapungia fimbo wapite pembeni.

Unakumbuka ile njia ilianzaje, Mama? Mimi nakumbuka. Baba alipofariki ulisema amekusimulia maji yale tangu mmeoana na hujawahi kuyaona, na sasa goti halitakuruhusu tena. Nikapanda mlima kila nilipopata nafasi, natafuta namna. Njia ya wapagazi ilipita kwenye ukingo, mawe matupu. Nikaiacha, nikashuka kwenye nyasi, nikazunguka kwa chini. Pale kijito kinapoingia ziwani nikapanga mawe bapa ya kukanyagia. Nikatafuta kila mahali ambapo mtu mwenye goti bovu anaweza kukaa apumue huku akitazama kitu kizuri, si kichaka. Lile jiwe pana lenye kivuli tukaliita Jiwe la Chai. Halafu tukaomba lendrova ya msitu ikufikishe mwisho wa barabara, ukatembea, ukazunguka ziwa zima, na hukulalamika hata kidogo. Ulikaa kwenye Jiwe la Chai ukala nduma, ukawaona wale samaki wenye madoa, ukasema, "Kumbe hakuwa ananidanganya." Wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza. Njia ile niliitengeneza kwa kipimo cha goti lako.

Baada yako wakaja wengine, wazee, wenye pumu, wale wanaoletwa na watoto wao wapanda vilele na kuachwa kambini wakichoma viazi. Tukawa na kazi, mimi na Murithi. Na mwaka ule wageni walipopungua, binamu yetu akanitafutia nafasi huku, tuliongea jikoni kwako tukiwa watatu. Mimi niende kwa muda, Murithi ashike njia mpaka nirudi. Ulimshika mkono ukamwambia, njia ni ya dada yako, wewe ni mlinzi tu. Akaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meko, nilisikia vizuri.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Mpwa wa Bibi Doreen, Alison, mama wa makamo mwenye miguu inayovimba, alikuwa Kenya mapumzikoni. Aliporudi alikuja kumwona shangazi yake, nami nikawatengea chai sebuleni. Akaanza kusimulia. Nikasikia Chogoria. Nikasikia mianzi, nikasikia barabara ya matope, nikasikia ziwa. Mama, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisimama pale na trei nikitabasamu peke yangu. Alisimulia mawe bapa ya kijito, alisimulia Jiwe la Chai na chai yenyewe yenye tangawizi, akasema hajawahi kutembea mahali pazuri hivyo bila kuumia. Nikawa nangoja amalize nimwambie, hiyo njia ni yangu, huyo kijana ni ndugu yangu wa damu.

Akasema kiongozi wao alikuwa kijana mpole sana, na ana sheria: anayetembea polepole anatangulia. Bibi Doreen akageuka akanitazama. Akasema, "Joyce, si hiyo ndiyo sheria yako?" Hapa wananiita kwa jina la ubatizo, hilo la nyumbani linawashinda.

Kabla sijafungua mdomo Alison akaendelea. Akasema sheria hiyo ilikuwa ya dada wa yule kijana, binti aliyeitwa Karimi. Ndiye aliyeigundua njia. Na siku moja asubuhi, kukiwa na sakitu, alimwona mgeni mmoja ameteleza majini, akaingia kumtoa. Mgeni akapona. Karimi hakutoka. Mwili wake haukuonekana, ziwa lilikaa nao. Basi karibu na kijito ndugu yake amempangia mawe, na kila mgeni anayezunguka ziwa huokota jiwe moja akaongeza, na wote hunyamaza kidogo. Alisema yule kijana hulia kila mara.

Nilimwuliza Alison kama ana picha. Anayo. Akanionyesha kwenye simu. Lundo la mawe linafika kiunoni kwa mtu, limepangwa kwa ustadi, kwa kweli Murithi ana mikono mizuri. Juu yake kuna kijiti, na juu ya kijiti kuna kofia ya sufu ya manjano yenye kishada chekundu.

Mama. Kofia yangu.

Nikawaambia, "Karimi ni mimi." Sikupiga kelele. Trei niliiweka chini vizuri. Alison hakuelewa, ikabidi nirudie, niseme jina la Murithi, niseme jina la kijiji, niseme lile kovu la kidevuni alilopata akikata kuni. Alipoelewa alianza kulia, akanishika mikono akasema, "Nisamehe, na mimi nilikuwekea jiwe." Mtu mzima, mgeni, ananiomba msamaha kwa jiwe moja. Nyinyi mmeniwekea mangapi?

Nilifika nyumbani sijui kwa njia gani. Nilimsimulia Furaha. Aliacha sufuria ikaungua. Kwao wameona mengi, vita vimepita juu yao, huwezi kumshtua kwa habari ya kifo. Lakini alinitazama, akaniita dada kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, kwenu banazikaka mutu mwenye kuwa muzima?" Ningemwambia nini? Kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu hata shimo likichimbwa kwa makosa haliachwi wazi.

Nilimpigia Murithi kwanza. Hakukana. Hilo ndilo lililonikata, hakujisumbua hata kukana. Alisema tangu niondoke wamekuja wengine wenye farasi na mahema mazuri, wageni wakawa wanapita mlangoni petu bila kusimama. Halafu siku moja mgeni alimwuliza njia hii ni ya nani, akasema ya dada yangu, akaulizwa yuko wapi, na jibu likamtoka. Akaona watu wanavyoguswa. Wakawaambia wenzao. Wakaja wengine wakitaka kuona mahali pa Karimi. Akasema, "Ni biashara tu, dada. Nani atalia kwa sababu ya mtu aliyeenda Joburg kuosha wazee?" Kwa hiyo mimi nikiwa maiti nina faida, nikiwa hai ninaosha wazee. Nilimkatia simu kwa sababu nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ambayo hukutulea tuyaseme.

Murithi nimemjua tangu anatambaa. Ni mwongo tangu utotoni, wa uwongo mtamu, ulikuwa ukimchapa huku unacheka. Hasira yangu kwake ni kubwa lakini naijua mwisho wake. Wewe ndiye niliyeshindwa kukuelewa.

Kwa sababu kofia ile uliifuma wewe. Uliifuma wakati wa ile mvua kubwa, mwaka aliofariki Baba, ukafumua kishada mara kadhaa kwa kuwa hakikukaa katikati. Nilipoondoka nilikurudishia, nikakwambia huko niendako hakuna baridi ya kuhitaji sufu (nilikuwa sijui, hapa Juni meno yanagongana). Ukaikunja ukaiweka kwenye sanduku lako, chini ya kitenge cha arusi, ukafunga. Ufunguo wa sanduku hilo unalala nao shingoni. Murithi hajawahi kulifungua, hata alipokuwa anaiba sukari hakuweza. Basi kofia ilifikaje ziwani?

Nilikupigia nikiomba Mungu uniambie iliibwa. Nikasikia kuku wakilia upande wako. Halafu ukasema, "Kwani wewe umekufa? Si unaongea?" Ukasema hayo ni maneno ya wageni tu, wazungu wanapenda hadithi, wakishuka mlima wanasahau. Ukasema Murithi ana mtoto sasa. Ukasema mtandao ni mbaya, tutaongea. Hatujaongea mpaka leo. Mtandao wa Chogoria haujawahi kuwa mbaya kwa siku nyingi hivyo.

Mama, wewe si mtu wa kuniambia hayo ni maneno tu. Hujamsahau Mzee M'Ikiara, kaka yake Baba. Nilikuwa mdogo lakini niliyaona. Habari ililetwa kwamba amefia juu mlimani na msafara, watu wakalia, kaburi likachimbwa kando ya migomba wakingoja mwili ushushwe. Kumbe aliyekufa ni mpagazi mwingine wa upande wa pili. Jioni Mzee M'Ikiara akatokea barabarani anakuja na begi lake, amechoka, ana njaa. Nani alikimbia kusimama getini akatandaza mikono? Ni wewe. Ulimzuia shemeji yako mwenyewe. Ulisema mtu aliyechimbiwa kaburi haingii kwa mlango wa watu. Akakaa nje kwenye baridi mpaka wazee wakakata mgomba, wakauzika kwenye lile shimo mahali pake, wakachinja kondoo, na hata hapo hakupita getini. Mlitoboa ua nyuma ya nyumba akaingia kwa kuinama. Ulinieleza baadaye, tukichambua maharagwe, kwamba kaburi likishajua jina la mtu linamdai. Nilikuwa nalala naota shimo linaita watu.

Mwanamke huyo ndiye aliyefungua sanduku akatoa kofia ya binti yake ikavishwe lundo la mawe. Sasa unaniambia wazungu wanapenda hadithi!

Na mengine yamejipanga yenyewe. Mwaka juzi nilitaka kuja Krismasi, ukaniambia nisije, barabara imekatika, nikae nipumzike. Mwaka jana nikataka kuja na Furaha aone ziwa, Murithi akasema njia imefungwa na watu wa msitu. Nilikuwa nakaa hapa nawaonea huruma. Nilikuwa namwambia Furaha, watu wangu wananihurumia nauli. Eish, Mama! Mlikuwa mnaniogopa. Maiti ingetokea kijijini ikiwa na begi la zawadi, na mgeni mmoja akaiona, hadithi ingekwisha.

Nimelia, sitakuficha. Nimelia ndani ya teksi watu wananitazama, nimelia nikimfunga Bibi Doreen viatu. Yeye haulizi, ananipapasa kichwa kama mtoto. Siku ile tulipotoka tena kutembea alisimama katikati ya njia, akaniambia leo nitangulie mimi, kwa kuwa yeye anaona mimi ndiye nisiyeweza. Nikatangulia. Nilitembea vibaya sana, polepole kuliko yeye, naye akanifuata hatua kwa hatua.

Sasa nakwambia nitakalofanya, na ujue sikuombi ruhusa. Nimeomba likizo, nimepata. Nakuja Desemba, kabla ya Krismasi. Sitakuja nyumbani. Sina mlango wa kuingilia, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nikishuka Chogoria nitatafuta lendrova inipeleke moja kwa moja juu, na nitakaa kwenye Jiwe la Chai. Nitakuwa na blanketi, nitakuwa na chakula, usijisumbue na hilo. Mama Wanja atakutumia habari siku nitakayopanda.

Uje. Mawe yale sitayagusa mimi, na Murithi nimemkataza kwa ujumbe asiyaguse. Nataka ile mikono iliyotoa kofia sandukuni ndiyo iiondoe pale juu, halafu mawe tutayatupa majini pamoja mpaka pabaki nyasi. Kama kuna mgomba wa kuzika mahali pangu, chagua wewe wa kukata. Kondoo nitamnunua. Wageni wakiwepo siku hiyo, wakae watazame.

Usiniambie habari ya goti. Njia ile inalijua goti lako kuliko daktari. Hakuna kilima, hakuna jiwe la kuruka, na kila ukichoka kuna mahali pa kukaa, nilipaweka kwa ajili yako. Ulishaizunguka ukiwa na huzuni kubwa kuliko hii. Hakuna mtu duniani ambaye anaweza kusema njia hiyo imemshinda, na wewe ndiye wa mwisho kabisa kusema hivyo.

Usipokuja, nitajua kwamba mawe yale mliyaweka kwa kweli. Nitashuka mlima kwa upande mwingine, nirudi huku nioshe wazee wangu, na hadithi ya Murithi itakuwa imesema ukweli.

Nisalimie Shangazi Mukami, mwambie aendelee kuniombea lakini aniombee pamoja na walio hai. Nisalimie jirani yetu Baba Kinyua na ukohozi wake. Nisalimie Kawira, mke wa Murithi, simlaumu, alikuta mambo yamepangwa. Na umbusu yule mtoto wao. Mlipompa jina langu nilifurahi, nikanunua keki nikagawa jengo zima. Sasa sijui kama alipewa jina la shangazi yake au la marehemu. Mwambie shangazi yake ana meno yote na anakuja. Murithi sina salamu zake, atazisikia kwa mdomo wangu.

Mama, nina hasira na bado nakutamani. Nikisikia mtu anagonga mkono wa kiti kwa kidole hapa ofisini kwa daktari wa Bibi Doreen, nageuka nikidhani ni wewe unasahihisha madaftari. Ndiyo maana sikuweza kunyamaza.

Siku hiyo ukishuka kwenye lendrova hutaniona nikikimbilia kukushika mkono. Nitakusubiri upite, halafu nitasimama nyuma yako. Utatangulia wewe, kwa mwendo wako, mpaka kwenye mawe. Na ukishaivua ile kofia, nivishe. Asubuhi kule juu kuna baridi, na masikio yangu bado yanaisikia.

Ni mimi binti yako, niliye hai,

Karimi